Wakufunzi wa uuguzi wanatukimbia: tuongeze mshahara au tuwafunge kwa mkataba?

SWALI: Mimi ni mkuu wa taaluma katika chuo binafsi cha uuguzi na ukunga, wilaya ya Temeke. Tulikuwa na wakufunzi saba. Ndani ya miaka miwili wameondoka watatu, na wiki iliyopita wa nne ameleta barua ya kuacha kazi. Wawili walipata ajira serikalini, mmoja amerudi wodini kwenye hospitali binafsi. Bodi yetu imegawanyika: wengine wanataka tuongeze mshahara, wengine wanataka kila mkufunzi asaini mkataba wa miaka mitatu na akiondoka kabla alipe. Kipi kitasaidia? Na hao wapya tutawatoa wapi?

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Barua za namna hiyo nimezipokea nyingi. Nilifundisha uuguzi hapa Dar kwa miaka mingi, kisha nikakalia kiti kama chako, na mwaka mmoja nilipoteza wakufunzi watatu kabla ya Pasaka. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekosea kwanza.

Nianze na mkataba, maana hilo ni jepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mkataba wa kipindi maalumu kwa wataalamu, kwa hiyo wajumbe wako hawajakosea kuuwaza. Ila mkataba wa miaka mitatu una tarehe ya mwisho, na mtu akishapewa tarehe ya mwisho hupangia maisha yake tarehe hiyo. Mwezi wa thelathini utamsikia anaulizia nafasi kwingine. Mwezi wa thelathini na sita hata barua hakuletei, anakuaga tu. Hilo la kulipa akiondoka mapema lina mantiki pale chuo kilipomgharamia: mmemlipia ada ya shahada ya uzamili, mkaandikiana kabla hajaanza masomo, sawa. Kama hamjamgharamia kitu, mnamdai nini? Chuo kimoja nilichokifahamu kilikuwa kinafungia vyeti halisi vya wakufunzi kwenye kabati la mhasibu. Waliondoka hivyo hivyo, vyeti wakavifuata baadaye na barua ya wakili. Waliobaki ni wale ambao hakuna mwingine aliyewahitaji.

Mshahara ni suala zito zaidi, na sitakuambia kwamba pesa si kitu. Muuguzi wa wodini ana zamu za ziada, ana posho ya kuitwa usiku, ana kibarua kwenye zahanati ya mtaani siku zake za mapumziko. Akija chuoni anapata mshahara mmoja mkavu. Na hili halijaanzia Temeke. Marekani, mwaka 2021, vyuo vya shahada za uuguzi vilikataa maombi 91,938 ya watu wenye sifa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa walimu na uhaba wa sehemu za kufanyia mafunzo kwa vitendo. Walimu hawatoshi huko kwa sababu unayoijua wewe: muuguzi mwenye shahada ya uzamili hulipwa zaidi hospitalini kuliko darasani. Ukiongeza laki moja, hospitali binafsi ya jirani itaongeza laki na nusu. Serikali ikitangaza ajira ndiyo kabisa, hutashindana nayo kwa laki. Watu wanafuata uhakika wa kesho, pensheni, na ruhusa ya kwenda kusoma huku kazi yao inawasubiri.

Sasa nikuulize kitu ambacho hukukiandika. Wakufunzi wako wanafikaje fildi, yaani hospitalini wanafunzi wanakofanyia mafunzo kwa vitendo?

Nauliza kwa sababu mwaka ule wa Pasaka nilikaa na mmoja wa wale watatu, dada mkimya ambaye sikuwahi kumsikia analalamika, akanifungulia daftari lake dogo la kaunta. Alikuwa na wanafunzi arobaini na wawili fildi, tumewagawa hospitali za Mwananyamala, Amana na Temeke. Ukurasa wa Jumatatu ulisomeka hivi: ametoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja kasoro robo alfajiri ili awahi makabidhiano ya zamu Mwananyamala saa moja na nusu. Wanafunzi kumi na wanne, kila mmoja na daftari lake la mazoezi la kusainiwa, na huwezi kusaini kwamba mtu ameweka katheta, ule mpira wa kutolea mkojo, kama hujamwona akiiweka. Saa tano yuko Amana. Huko akakuta watano kati ya wanafunzi wake wametumwa kupeleka sampuli maabara na kuchukua vifaa stoo tangu asubuhi, wengine wamesimama ukutani. Akaongea na inchaji, muuguzi kiongozi wa wodi, kwa adabu, akajibiwa kwamba wodi ina wagonjwa wengi na wauguzi wawili, naye afanyeje? Saa tisa na nusu yuko kwenye foleni Buguruni. Saa kumi na moja jioni yuko chuoni, kwa kuwa mkuu wake, yaani mimi, nilikuwa nimeitisha kikao cha mitihani. Temeke hakufika siku hiyo.

Pembeni ya kila safari ameandika nauli. Jumla ya mwezi ilikuwa elfu hamsini na kitu. Fomu zake za madai nilizisaini mwenyewe, zikaenda kwa mhasibu, zikarudishwa kwa kuwa hazikuambatanishwa risiti. Konda gani wa daladala anakuandikia risiti ya kumridhisha mhasibu? Akajaza upya, zikarudishwa tena. Ile pesa haikuwa kubwa. Kilichomchosha ni kuomba kila mwezi, kama mtoto, kitu alichokwisha kukitoa mfukoni kwake kwa kazi ya chuo. Nilimwambia atalipwa. Akasema asante, na akaondoka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa bodi yako ni dogo kuliko yote mliyojadili: nauli ya fildi ilipwe kabla, kwa simu, Jumatatu asubuhi, kiwango kimoja kinachojulikana, bila fomu. La pili ni kumpa kila mkufunzi hospitali moja, si tatu. Mkufunzi anayeonekana wodi ile ile kila wiki hufahamiana na inchaji, wanajuliana hali, wanapigiana simu mwanafunzi akichelewa. Inchaji anayekufahamu hatawatuma wanafunzi wako stoo asubuhi nzima. Nilipobadilisha mpangilio huo hatukuajiri mtu hata mmoja wa ziada, na siku za wakufunzi kurudi nyumbani usiku zilipungua kwa kiasi ambacho wenyewe walikuja kunishukuru, jambo ambalo kwa mkuu wa taaluma ni nadra.

Ukimaliza hapo, hesabu saa. Ratiba nyingi za vyuo huhesabu vipindi vya darasani tu, kama vile maandalizi hujiandaa yenyewe na karatasi hujisahihisha. Chukua mtihani mmoja wa vitendo wa vituo, ambapo kila mwanafunzi hupita kituo kimoja baada ya kingine mbele ya mkufunzi. Mwanafunzi akikaa dakika tano kwenye kituo na darasa lina wanafunzi 90, mkufunzi wa kituo hicho amesimama dakika 450. Hizo ni saa saba na nusu, bila kwenda chooni, akimtazama mtu wa tisini akinawa mikono kwa makini ile ile aliyomtazama nayo wa kwanza. Ongeza wale wa sapu, wanaorudia mtihani. Ongeza zamu za usiku za wanafunzi ambazo nazo zinahitaji kutembelewa. Sheria niliyoitaja inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, iongezwe asilimia 5. Sikuambii ukaanzishe ugomvi na mwenye chuo. Nakuambia kaa na mkufunzi mmoja, mwandike pamoja saa zake za wiki mbili, kisha hiyo karatasi ipeleke kwenye bodi kabla ya mjadala wa mshahara. Wajumbe wanaodhani mkufunzi anafanya kazi vipindi kumi na sita kwa wiki watanyamaza kidogo.

Nikiambiwa nichague jambo moja tu linaloamua nani atabaki, ni mwaka wa kwanza. Hapa vyuo vyetu vinafanya kosa ambalo hospitali isingelifanya. Muuguzi mpya hospitalini huwekwa chini ya mzoefu wiki kadhaa. Mkufunzi mpya huonyeshwa ofisi Jumatatu, Jumanne anakabidhiwa somo na chaki.

Nilimpokea mkunga mmoja aliyekuwa amefanya kazi wodi ya uzazi miaka kumi na moja, mikono ya dhahabu. Siku yake ya kwanza kwenye chumba cha mazoezi ilikuwa kufundisha kuweka kanula, kale kamrija ka dripu kanakoingia mshipani, kwenye mkono wa mdoli, wanafunzi thelathini wamemzunguka. Akafunga kamba ya mpira, akapapasa, akapangusa spiriti, akachoma, damu ya bandia ikarudi, akafungua kamba, akabandika plasta. Nadhani hata dakika moja haikuisha. Akauliza, "Mmeona?" Kimya. Akarudia, haraka vilevile. Kimya. Alipotoka aliniambia wanafunzi hawa ni wazito. Nikamwomba aniwekee mimi kanula ile, ila kila kidole kinaposogea aseme kinafanya nini. Akakwama kwenye kupapasa. "Unaujua tu mshipa," akasema, "unadunda tofauti." Unadundaje? Hakuweza kusema. Mikono ilikuwa inajua, mdomo haujui.

Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1984: muuguzi hupitia ngazi tano, kutoka mgeni asiyejua kitu mpaka bingwa, na bingwa huacha kufuata kanuni kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, anaiona hali nzima kwa mara moja. Sasa fikiria unamchukua bingwa huyo unamleta darasani. Kwenye uuguzi yuko ngazi ya tano, kwenye ualimu amerudi ya kwanza, tena mbele ya vijana thelathini wanaomkodolea macho. Hiyo ni aibu ya kimyakimya. Wengine huivumilia, wengine hurudi wodini walikokuwa wanaheshimiwa, na kwenye barua wanaandika "sababu za kifamilia". Yule wako aliyerudi hospitali binafsi, sitashangaa kama ni hilo zaidi ya mshahara.

Yule mkunga tulimpa nusu ya vipindi muhula wa kwanza, na mkufunzi mzoefu akakaa nyuma ya darasa lake mara moja kwa wiki, bila kuandika chochote, wanakunywa chai baadaye wanaongea. Baada ya miezi miwili alikuwa anamvaa MamaNatalie, lile tumbo la bandia ambalo mkufunzi hulifunga kiunoni akaigiza mama anayejifungua. Anapiga kelele za uchungu kweli, anaachia damu ya bandia itiririke baada ya mtoto kutoka, anamwangalia mwanafunzi usoni na kumwambia, "Nesi, naona giza." Wanafunzi walikuwa wanatetemeka. Huyo hadi leo anafundisha. Chuo kikiweza, mpeleke mkufunzi mpya pia kwenye mafunzo ya ualimu wa afya; kituo cha CEDHA kule Arusha kazi yake ni hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo bodi italipinga, nawe ulipiganie: siku moja ya wodi kwa wiki. Simaanishi kusimamia wanafunzi. Namaanisha mkufunzi avae sare, apokee wagonjwa wake, atoe dawa, ajaze patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu wa kujifungua, kama muuguzi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya umahiri unaotakiwa kwa walimu wa uuguzi, maeneo manane, na mojawapo ni kwamba mwalimu adumishe ujuzi wake wa kazi ya uuguzi yenyewe. Nasi tunajua kwa nini. Mkufunzi akikaa chuoni miaka mitano mfululizo, wanafunzi hurudi kutoka fildi wakamwambia, "Mwalimu, wodini siku hizi hawafanyi hivyo." Mara ya kwanza anacheka. Mara ya tatu anaanza kuogopa kwamba uuguzi wake unaoza, na muuguzi mzuri haishi na hofu hiyo muda mrefu. Andikianeni makubaliano na hospitali moja: wao wanapata mikono siku moja kila wiki, ninyi mnapata mlango wa kuwaingizia wanafunzi. Mkufunzi naye hapati shida ya kueleza kazi zake na mafunzo endelevu anapohuisha leseni kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bodi itasema mnapoteza siku moja kati ya tano. Waulize mmepoteza siku ngapi tangu yule wa tatu aondoke na somo lake likakaa bila mtu.

Pesa sasa. Kama kuna kiasi kidogo cha kuongeza, usikitawanye sawa kwa wote kikapotea. Wakufunzi vijana wengi walisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na wanakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa mtu wa laki tisa hiyo ni 135,000 kila mwezi, anaiona kwenye hati ya mshahara, inamuuma. Marekani wana mpango wa serikali ambao humfutia muuguzi hadi asilimia 85 ya mkopo wa masomo akifundisha muda wote kwa miaka minne. Chuo chako hakiwezi kumfutia mtu deni la Bodi, lakini kinaweza kusema: ukimaliza mwaka wa pili, tunakupa posho ya nusu ya makato hayo, ukimaliza wa tatu, yote. Hapo mtu anabaki kwa kuhesabu anachopata. Na michango ya NSSF ipelekwe kila mwezi bila kukosa. Wanachama siku hizi wanaangalia salio lao kwenye simu, na mkufunzi akikuta miezi minne haijaingia, hakuna hotuba ya mkuu wa chuo itakayomrudishia imani.

Kina mama usiwasahau, maana ndio wengi katika kazi yetu. Likizo ya uzazi ya siku 84 mnaitoa, natumaini. Ila sheria inampa pia mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na hizi ndizo zinazoliwa. Mama mwenye mtoto wa miezi minne ukimpangia fildi ya Mwananyamala akitokea Chamazi, umemfukuza bila kuandika barua.

Kuhusu kuwapata wapya, tangazo gazetini na kwenye mitandao litakuletea vyeti. Walimu unaowatafuta wapo wodini tayari. Waulize wanafunzi wako waliotoka fildi swali moja: ni muuguzi gani aliwaelekeza bila kuwafokea? Majina mawili au matatu yatajirudia. Hao waite kwanza kwa nusu siku kwenye chumba cha mazoezi, kwa malipo, na kama ni waajiriwa wa serikali kwa ruhusa ya mwajiri wao, usiwaingize matatani. Wengine watakuja kuhamia. Kundi la pili ni wastaafu. Muuguzi wa serikali anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, wengi bado wana nguvu na hawataki tena zamu za usiku. Huyo mpe chumba cha mazoezi na kulea wakufunzi wapya, usimpe fildi tatu za daladala. Kundi la tatu ni wale wawili walioenda serikalini. Mliachana vizuri? Kama ndiyo, mpigie simu mmoja wao. Kipindi cha Jumamosi asubuhi kutoka kwa mtu anayekijua chuo chenu ndani na nje kina thamani kuliko mgeni wa miezi mitatu.

Tena usihuzunike sana kwa wanaoenda serikalini. Utawapoteza baadhi kila ajira zikitangazwa, panga ukijua hivyo: kila somo liwe na watu wawili wanaoliweza, na maandalizi ya somo yabaki chuoni, si kwenye kompyuta ya mtu.

Imebaki barua ya huyu wa nne. Ana siku 28 za notisi kama analipwa kwa mwezi, kwa hiyo muda unao. Usimwite ofisini na usimuulize kwa nini anaondoka, atakupa jibu la adabu. Mkute kwenye chumba cha mazoezi wanafunzi wakishatoka, msaidie kufuta midoli, kisha muulize ilikuwa siku gani alipowaza kuondoka kwa mara ya kwanza. Mtu huikumbuka siku hiyo. Atakayoitaja iandike, urudi ofisini ukaangalie ratiba ya wiki ile uliyompangia wewe.